Bolsover 2019: walipokuwa na hela walikuwa Labour, walipofulia wakahamia Conservative

Kuna imani moja watu wengi wanaishi nayo kwenye siasa, kwamba maskini anapigia kura chama cha maskini, tajiri cha matajiri, na wa katikati anasubiri aone upepo unavumia wapi. Mi nilikuwa naiamini hivyo hivyo mpaka nikakaa chini na matokeo ya jimbo moja la Uingereza linaitwa Bolsover. Nikayafuata uchaguzi baada ya uchaguzi kuanzia 1997 mpaka 2019 na kwakweli nilipomaliza ile imani ilikuwa imebaki vipande vipande. Sio kwamba hela haina kazi, ina kazi sana ila haifanyi kazi kwa njia tunayodhani.

Bolsover iko Derbyshire, katikati ya England, mji mdogo wenye ngome ya zamani juu ya kilima na chini yake ni vijiji vilivyoishi kwa makaa ya mawe. Jimbo lilianzishwa 1950 na toka siku hiyo halikuwahi kumjua mbunge mwingine zaidi ya wa Labour, chama kilichozaliwa na vyama vya wafanyakazi. Kuanzia 1970 mbunge alikuwa Dennis Skinner, mchimbaji wa makaa mtoto wa mchimbaji wa makaa, aliyekuwa rais wa chama cha wachimbaji pale Derbyshire kabla hajaingia bungeni. Huyu mzee walimwita Mnyama wa Bolsover kwa jinsi alivyokuwa anarusha vijembe bungeni, akafukuzwa ukumbini mara kibao, na wakati wa ule mgomo mkubwa wa wachimbaji wa 1984 hadi 1985 mshahara wake wa ubunge alikuwa anawapa wachimbaji. Yaani kama kuna mtu Uingereza ungesema huyu ni wa tabaka la wafanyakazi kuanzia unyayo mpaka utosi, ni yeye.

Desemba 12, 2019 akaangushwa. Akiwa na miaka 87 na miaka 49 ya ubunge, na kwenye kuhesabu kura hakuwepo maana alikuwa anauguza nyonga aliyofanyiwa upasuaji. Mgombea wa Conservative, chama cha mrengo wa kulia, Mark Fletcher kura 21,791, Skinner 16,492. Usiku ule ule Labour wakapoteza Blyth Valley, wakapoteza Workington, wakapoteza Sedgefield iliyokuwa ya Tony Blair mwenyewe, waziri mkuu wao wa zamani. Nchi nzima wakabaki na viti 202, idadi ndogo kuliko zote toka 1935, na Boris Johnson wa Conservative akatoka na wingi wa viti 80. Asubuhi yake kila mtu anasema wafanyakazi wamekuwa Conservative, kama vile wamelala wakaamka hivyo.

Sasa hapa ndo nataka tuende taratibu.

Anza na hela. Miaka ya 1970 mchimbaji wa makaa Uingereza hakuwa maskini, hili watu hulisahau kabisa. Baada ya migomo ya 1972 na 1974 mishahara yao ilipanda mpaka wakawa miongoni mwa wafanyakazi wa mikono wanaolipwa vizuri zaidi nchini, aliyekuwa anachimba kule chini kwenye uso wa makaa alikuwa anawazidi hela makarani wengi wenye tai shingoni. Na juu ya mshahara alikuwa anapewa na makaa ya kuota nyumbani, bure au kwa bei ya kutupa. Kwa hesabu ya mfuko basi hawa walitakiwa waanze kuisogelea Conservative taratibu, si ndo wanavyosema kwamba ukipata unaanza kuogopa kodi? Hawakusogea hata hatua moja. Karani mwenye mshahara mdogo kuliko wao ndo alikuwa anaipigia Conservative.

Halafu migodi ikafungwa. Wa Creswell 1991, wa Bolsover 1993, wa Shirebrook 1993, na Markham miaka hiyo hiyo. Vijana wa baba waliokuwa wanalipwa vizuri wakaishia kwenye maghala, kupakia boksi usiku kwa mikataba ya wakala wa ajira, huna uhakika wiki ijayo utaitwa saa ngapi au hutaitwa kabisa. Pale Shirebrook ghala kubwa kabisa limejengwa juu ya eneo lile lile lililokuwa mgodi. Kipato kikashuka, uhakika wa kazi ukapotea, na ndani ya kizazi kimoja na nusu jimbo likaenda Conservative. Nadharia ya mfuko imeenda kinyume mara mbili kwa watu wale wale, na nadharia inayokosea mara mbili kwa pande zote mbili sijui tunaiitaje.

Kwahiyo swali la kwanini waliiacha Labour inabidi lisubiri kwanza, kuna la kuuliza kabla yake, ni kitu gani kilikuwa kimewafunga kule Labour?

Jibu langu ni kwamba ulikuwa mgodi wenyewe. Namaanisha ile namna mgodi ulivyokuwa unapanga maisha ya mtu toka asubuhi. Unashuka kwenye lifti na watu ishirini, maisha yako yako mikononi mwao. Pale Creswell mwaka 1950 moto ulitokea chini wakafa wachimbaji 80. Markham 1973 lifti ilishindwa kushika breki ikaenda kugonga chini, wakafa 18. Ukishafanya kazi mahali kama hapo hakuna mtu anayehitaji kukufundisha darasani nani mwenzako na nani bosi. Ukipanda juu unaoga nao kwenye mabafu ya mgodi, jioni mko klabu moja ya wachimbaji, mtoto wako anapiga tarumbeta kwenye bendi ya mgodi, na nyumba unayokaa, kama uko kile kijiji cha New Bolsover, ilijengwa na kampuni ya mgodi miaka ya 1890.

Na kuna kitu kimoja kidogo ambacho mi naona ndo kinaeleza kuliko hotuba zote, nacho ni makato. Mchimbaji alikuwa analipa ada ya chama cha wafanyakazi, na ndani ya ile ada kulikuwa na senti zinazoenda kwenye mfuko wa siasa wa chama chao, na chama chao kilikuwa mwanachama wa Labour. Ukitaka kutolipa ilibidi uende mwenyewe ujaze fomu ya kujitoa, na nani atajaza fomu hiyo halafu kesho ashuke lifti na wenzake? Kwahiyo mtu alikuwa mtu wa Labour kila wiki ya mshahara bila kufikiria, kama vile mtu anavyokuwa wa dini ya wazazi wake. Kura ya kila miaka minne au mitano ilikuwa ni kugonga muhuri tu.

Ukifunga mgodi unaondoa kazi, lakini unaondoa na yale makato, na mabafu, na bendi, na klabu inabaki na wazee wanne wanaocheza domino. Ghala haliwezi kurudisha hivyo vitu hata likilipa vizuri, na hata halilipi vizuri. Ghalani unapakia peke yako, aliye pembeni yako leo kesho hayupo, wengi ni wageni kutoka Ulaya Mashariki wanaoongea lugha yao, na yunioni ikifika mlangoni meneja anaangalia saa. Kipato cha wale watu bado ni cha mfanyakazi, tena mfanyakazi wa chini, ila hakuna tena mahali panapomgeuza awe wa chama fulani.

Sasa turudi kwenye namba maana hapa ndo kuna utamu, na ndo pale ambapo wachambuzi wa asubuhi ya Desemba 13 walikosea.

1997 Skinner alipata kura 35,073, asilimia 74. Conservative 7,924. Twende 2010, Skinner 21,994, ameshuka mpaka asilimia 50. Conservative wao 10,812. Hebu tulia kidogo hapo. Labour imepoteza kura elfu kumi na tatu na ushee na Conservative wameongeza kama elfu tatu tu pungufu kidogo (mipaka ya jimbo ilikuja kurekebishwa kidogo humo katikati ila haibadilishi picha). Hao elfu kumi wengine wamekwenda wapi? Baadhi wamekufa, ni jimbo la wazee. Baadhi wamepeleka kwa vyama vidogo. Na wengine walikaa nyumbani tu. Nchi nzima 1997 walipiga kura asilimia 71, mwaka 2001 wakashuka mpaka 59, na waliokaa nyumbani zaidi walikuwa watu wa maeneo kama haya haya. Labour ipo madarakani, inashinda kila uchaguzi, na chini kwenye msingi wake watu wanatoka mmoja mmoja bila kelele. Nani atashtuka wakati kiti bado unacho?

Na angalia tarehe. Mwaka 2010 hakuna Brexit (ile ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya), hakuna Jeremy Corbyn kuongoza Labour, hakuna kitu. Kwahiyo wale wanaosema Bolsover ni Brexit tu basi wanatakiwa watueleze kwanza hizo pointi 24 za asilimia zilizopotea kabla, kutoka 74 hadi 50.

Halafu 2015. Skinner 22,542, Conservative 10,764, yaani wamesimama pale pale. Ila ametokea wa tatu, UKIP, chama cha kutaka nchi itoke Umoja wa Ulaya, kapata 9,228. Miaka miwili baadaye, 2017, UKIP wameporomoka na Conservative wameruka mpaka 18,865. Elfu nane zimeongezeka kwa mpigo. Siwezi kuapa kwamba ni watu wale wale mmoja mmoja maana kura ni siri, ila mtu akikwambia elfu saba zimepotea huku na elfu nane zimeokotwa kule kwenye jimbo moja, wewe ungefikiria nini?

Mi hii naiona kama daraja. Mtu ambaye babu yake aligoma mwaka mzima bila mshahara hawezi kuamka siku moja akaweka alama kwa chama cha Margaret Thatcher, waziri mkuu wa wakati wa mgomo ule, mkono utakataa. Lakini anaweza kukaa nyumbani. Uchaguzi unaofuata anaweza kupigia chama kipya ambacho hakina dhambi yoyote na babu yake. Akishapigia chama kingine mara moja akaona hajapigwa na radi, kile kizuizi kimeshavunjika, na baada ya hapo hata kwa Conservative kunavukika. Hiyo safari ya Bolsover imechukua miaka ishirini na mbili. 2019 ilikuwa kituo cha mwisho tu, kamera ndo zilifika siku hiyo.

Na hata hiyo 2019 yenyewe ukiicheki vizuri haiko kama ilivyosimuliwa. Kutoka 2017 Skinner kapoteza kura 7,661. Conservative kaongeza 2,926. Brexit Party wa Nigel Farage kachukua 4,151. Maana yake Conservative alishinda jimbo bila hata kuwapata wengi wa waliomkimbia Skinner, ilitosha tu kwamba wamkimbie. Cha ajabu zaidi Skinner mwenyewe alikuwa anaunga mkono kutoka Umoja wa Ulaya, msimamo sawa kabisa na watu wake ambao karibu saba kati ya kumi walipiga kura ya kutoka mwaka 2016. Haikumsaidia. Alikuwa na msimamo wao, na historia yao na lafudhi yao, lakini kwenye karatasi ya kura pembeni ya jina lake kuna neno Labour, na Labour ya London ilikuwa inataka kura ya maoni ya pili. Corbyn nae hapo alichangia, milangoni watu walikuwa hawataki hata kusikia jina lake, hilo sina la kuongeza.

Sasa kuna mtu atasema sawa, kwahiyo kipato hakina maana. Hapana, ngoja.

Baada ya uchaguzi ule YouGov, kampuni ya kura za maoni, waliwauliza watu wengi sana walivyopiga. Kaya zenye kipato chini ya pauni 20,000 kwa mwaka, Conservative asilimia 45, Labour 34. Kaya za pauni 70,000 kwenda juu, Conservative 40, Labour 31. Umeona? Conservative wamefanya vizuri zaidi chini kuliko juu, ingawa tofauti yenyewe sio kubwa, kipato kama kipato karibu hakitenganishi mtu na mtu. Lakini ukija kwenye elimu, wenye digrii Labour 43 Conservative 29, na walioishia sekondari ya chini Conservative 58 Labour 25. Hapo ndo unaona mpasuko wa kweli. Umri nao hivyo hivyo, chini ya miaka 39 Labour wanaongoza, ukivuka hapo inageuka.

Na kuna swali moja wanaloliuliza Ipsos, kampuni nyingine ya kura za maoni, ambalo mi nalipenda kuliko yote, unaishi kwenye nyumba ya nani? Wenye nyumba zao ambazo hazidaiwi hata senti, Conservative 57 Labour 22. Wapangaji wa watu binafsi, Labour 46 Conservative 31. Wapangaji wa halmashauri na mashirika ya nyumba, Labour 45 Conservative 33.

Chukua mzee wa kufikirika pale Bolsover, miaka 70, pensheni ndogo ya mgodi na ya serikali. Kwenye dodoso la kipato huyu anaingia kundi la maskini moja kwa moja. Lakini miaka ya 1980 serikali ya Thatcher iliwaruhusu wapangaji wa halmashauri wanunue nyumba zao kwa punguzo kubwa, akanunua, deni likaisha zamani, hana kodi ya nyumba, hadaiwi, na kila mwaka thamani inapanda kidogo. Mweke pembeni ya mjukuu wake mwenye digrii aliyehamia Manchester, mshahara wake ni mara mbili ya pensheni ya babu, ila nusu yake inakwenda kwa mwenye nyumba na juu yake kuna deni la chuo. Nani maskini hapo? Kwa kinachoingia mwisho wa mwezi ni babu. Kwa kinacholala usiku kikiwa chako ni mjukuu. Na mjukuu anaipigia Labour, babu Conservative, mezani siku ya Krismasi hawaelewani, na wote wawili kwa macho yao wanapigia kura hali zao.

Kwahiyo tabaka halijafa kama wengine wanavyopenda kuandika. Limehama tu kutoka kwenye payslip likaenda kwenye hati ya nyumba na cheti cha chuo, na bahati mbaya watafiti wengi wa kawaida bado wanauliza kazi ya mkuu wa kaya kana kwamba ni 1967. Kwa wale wanaopenda makundi, Waingereza wana herufi zao, C2DE ni wafanyakazi wa mikono na wasio na kazi na wastaafu wanaotegemea pensheni ya serikali peke yake. Wastaafu! Unaona tatizo, kundi linaloitwa la wafanyakazi limejaa watu ambao hawafanyi kazi na wana nyumba. Halafu mtu anakuja na kichwa cha habari kwamba tabaka la wafanyakazi limegeuka kulia asilimia 48 kwa 33. Sehemu ya hilo kundi limezeeka tu.

Jambo moja linanisumbua kwenye uchambuzi wangu mwenyewe na sitaki kulificha. Kama mgodi ndo ulikuwa unafunga watu kwenye Labour, mbona Nottinghamshire, jirani kabisa hapo, migodi mingi iliendelea kufanya kazi wakati wa mgomo, wachimbaji wakagawanyika mpaka wakaunda chama chao kingine cha wafanyakazi? Mgodi ni ule ule, lifti ile ile. Nadhani jibu ni kwamba mgodi unatoa udongo tu, mfinyanzi ni viongozi na maamuzi. Pale mgomo ulivyoitishwa bila kura ya wanachama wa nchi nzima, Nottinghamshire walikuwa na sababu ya kukataa na wakakataa, na majeraha ya nani aligoma na nani alivuka mstari yapo mpaka leo kwenye familia za pande zote mbili za mpaka ule. Kwahiyo hata enzi za umoja, umoja haukuwa wa bure, kuna watu walikuwa wanaufanyia kazi kila siku, na kuna siku waliukosea.

Labour walirudishiwa Bolsover Julai 2024. Nchi nzima walipata viti zaidi ya 400 kwa asilimia 33.7 tu ya kura, kwasababu upande wa pili Conservative na Reform UK ya Farage waligawana. Magazeti yakaandika ukuta mwekundu, yaani yale majimbo ya zamani ya Labour kama Bolsover, umejengwa upya. Mei 2025 ukaja uchaguzi wa halmashauri ya Derbyshire, ambayo ilikuwa chini ya Conservative toka 2017, na aliyeichukua hakuwa Conservative wala Labour, walikuwa Reform.